Moyo na mishipa ya damu kliniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa matabibu na wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Wengine huyauliza kwa simu usiku, mgonjwa akiwa amelala mbele yao. Wengine huyauliza kantini baada ya raundi. Nimeyajibu kama ninavyowajibu ana kwa ana. Dozi zilizotajwa ni za watu wazima isipokuwa niseme vingine, na mwongozo wa matibabu wa taifa ulio mezani kwako ndio wenye kauli ya mwisho. Ndugu wa mgonjwa akisoma, karibu sana, ila asibadilishe dawa za mtu kwa sababu ya niliyoandika hapa.

Mgonjwa anakohoa na anabanwa pumzi. Nitajuaje kama ni moyo, si pumu, nimonia au kifua kikuu?

Muulize analalaje. Usimuulize "unalala vizuri?", maana kila mtu atakujibu "vizuri kidogo". Muulize anaweka mito mingapi, na kwa nini. Nilimuuliza hivyo mama mmoja wa makamo aliyefika kwangu akiwa mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, alizoanzishiwa kwingine ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu.

"Shikamoo mama. Usiku unaweka mito mingapi?"

"Marahaba mwanangu. Mto wa nini? Mimi silali. Nakaa, naegemea gunia la mahindi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za vuli. Nikilala chali nazama."

Hilo "nazama" lilitosha kunifanya nimgeuzie taa shingoni. Mtu mwenye moyo uliochoka akilala, maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu, damu hurudi kifuani kwa wingi, upande wa kushoto wa moyo ukashindwa kuisukuma yote mbele, na mapafu yakajaa. Ndiyo maana kikohozi chake huzidi akilala, na ndiyo maana huamka usiku wa manane akakimbilia dirishani. Mwenye pumu naye huamka usiku, lakini mara nyingi ana historia ya tangu utotoni na anajua kinachomchokoza: vumbi, mafua, moshi wa kuni. Mwenye nimonia ana homa na ugonjwa wake ni wa siku chache. Wa kifua kikuu anakonda, wakati huyu wa moyo anaweza akaongezeka kilo kwa maji huku nyama za mwili zikiisha.

Filimbi za kifuani zisikudanganye. Mapafu yenye maji nayo hupiga filimbi. Mzee wa miaka 60 ambaye hajawahi kuugua pumu maishani mwake, usimpe bomba la salbutamoli ukamrudisha nyumbani kabla hujamshuku moyo.

Kwa watoto hali ni mbaya zaidi. Mtoto anakohoa miezi, bibi anasema ni kimeo, anapelekwa kukatwa kimeo, anavuja damu, na kikohozi kiko palepale kwa sababu kilikuwa kinatoka kwenye moyo. Ukimwona mtoto mwenye kikohozi sugu na kovu la kimeo, mwekee stetoskopu kifuani kwa dakika nzima, si kwa sekunde tano.

Shingoni nitazame nini hasa?

Mlaze mgonjwa nusu, mgongo umeinuka nyuzi 45, kichwa kimegeukia kushoto kidogo. Weka mwanga ubavuni, hata tochi ya simu inatosha. Tafuta upande wa kulia mshipa wa vena unaocheza. Ateri hupiga mara moja kwa kila pigo na unaihisi kwa kidole. Vena hucheza mara mbili, laini, na ukiibonyeza hupotea. Pima kwa rula kimo chake kutoka kwenye pembe ya mfupa wa kidari kwenda juu wima. Kikizidi sentimita 3 au 4, shinikizo upande wa kulia wa moyo limepanda. Ukiwa na shaka, bonyeza tumbo upande wa ini kwa sekunde 10 hadi 15 bila kumuumiza. Kama mshipa unapanda na kubaki juu, umeshapata jibu.

Kisha shuka kwenye ncha ya moyo. Kwa kawaida unaihisi kwenye nafasi ya tano kati ya mbavu, mstari wa katikati ya mtulinga. Ukiikuta imesogea kuelekea kwapani, moyo umepanuka. Mwisho bonyeza miguu, na kwa aliyelala kitandani siku nyingi bonyeza mgongoni chini, juu ya makalio, kwa sababu maji hufuata mteremko.

Kazi hiyo yote haichukui dakika tatu. Nasikia sana "hatuna eko", ile mashine ya kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, lakini shingo kila mgonjwa anakuja nayo.

Nimethibitisha moyo unashindwa. Naanza na nini?

Mkalishe, miguu ining'inie. Oksijeni kama kiwango kiko chini ya 90. Furosemaidi miligramu 40 kwenye mshipa kwa ambaye hajawahi kuitumia. Asipokojoa vya kutosha ndani ya saa chache, ongeza mara mbili. Na tafadhali, toa ile dripu. Nimekuta wagonjwa wamejaa maji hadi kooni wakitundikiwa lita ya pili ya chumvi kwa sababu "amedhoofika, hali chakula".

Furosemaidi inampa nafuu, ila haimwongezei miaka kama zinavyofanya dawa nyingine. Anapokauka mwanzishie enalaprili kwa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku ukipandisha taratibu, spironolaktoni 25 mara moja, na kavedilolo 3.125 mara mbili. Kavedilolo usiianze mapafu yakiwa bado yanachemka maji, subiri. Siku hizi kuna pia dapagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kama dawa za kisukari na sasa hutumika kwa moyo hata kwa asiye na kisukari. Kama duka la dawa la hospitali yako linazo, zitumie. Potasiamu na figo vipimwe baada ya wiki moja au mbili, hasa kwa anayetumia enalaprili na spironolaktoni pamoja.

Nyumbani ajipime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu asisubiri tarehe ya kliniki. Asiye na mizani atumie mkanda, kilemba au kamba kiunoni: akiona tundu la mkanda limebadilika, aje.

Na sababu? Daima uliza sababu. Presha ya miaka mingi, valvu (milango ya ndani ya moyo), ujauzito, pombe, virusi, upungufu wa damu. Hemoglobini ya 4 peke yake inaweza kuushinda moyo usio na kasoro yoyote, na huyo anahitaji damu iliyoongezwa polepole, si kavedilolo.

Presha ipimwe vipi? Kila mashine inanipa namba yake.

Mara nyingi si mashine. Simama kwenye korido ya kliniki yoyote asubuhi utazame: mama ametembea kilomita mbili, amepanga foleni kwa kugombana, anaitwa, anakaa kwenye stuli isiyo na egemeo, mkono unaning'inia, kitambaa kimefungwa juu ya mkono wa sweta, na muuguzi anamuuliza habari za watoto wakati mashine inapumua. Anatoka 162/98 na kadi mpya ya presha.

Akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana. Kibofu kiwe kitupu. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Mkono uwe wazi na uegemezwe mezani usawa wa moyo. Mpira ulio ndani ya kitambaa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kitakupa namba kubwa ya uongo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja au mbili, na mara ya kwanza pima mikono yote miwili.

Ukipimia stetoskopu, sauti unazosikiliza zilielezwa na daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Namba ya juu ni pale sauti inapoanza, ya chini ni pale inapopotea kabisa, si inapofifia. Na usikadirie kwa sifuri. Daftari lenye 140/90, 150/90, 160/100 ukurasa mzima linasema habari za mpimaji, si za wapimwaji.

Kufikia 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti ndiyo presha kwa miongozo yetu mingi. Ikiwa 180/110 na kuendelea na tayari macho, figo au moyo vimeguswa, usisubiri siku ya pili.

Presha ni 190/110 lakini hana dalili yoyote. Nimwekee nifedipini chini ya ulimi?

Hapana.

Hili ndilo swali ambalo jibu lake halipendwi, kwa sababu nifedipini chini ya ulimi inatoa namba nzuri kwa haraka na kila mtu anafurahi. Lakini ubongo wa mtu aliyeishi na presha kubwa kwa miaka umejizoesha kupokea damu kwa msukumo huo. Ukiishusha ghafla, sehemu za ubongo zinakosa damu. Nilipokuwa mafunzoni, nilimwona mzee aliyeingia kwa miguu yake na 200 juu, akatoka kwa kiti cha magurudumu na 110. Aliyempa dozi alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nilikuwa mimi.

Asiye na dalili mpe vidonge vya kumeza, mpumzishe mahali palipotulia, mrudishe ndani ya siku chache. Unalenga kuishusha kwa siku na wiki.

Dharura ni namba hiyohiyo ikiambatana na kitu kinachoharibika sasa hivi: maumivu ya kifua, mapafu kujaa maji, kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza uoni, kupooza upande, au ujauzito. Huyo alazwe. Kwa wengi wao, ndani ya saa ya kwanza usishushe zaidi ya robo ya kile ulichokikuta.

Ya kila siku nianzie dawa gani?

Amlodipini 5, au hidroklorothiazaidi, au losartani. Wengi watahitaji mbili, na dozi ndogo za dawa mbili zina madhara machache kuliko dozi kubwa ya moja. Kwa Waafrika wengi amlodipini na dawa ya kukojoa hushusha vizuri zaidi kuliko enalaprili ikiwa peke yake. Mwenye kisukari na protini kwenye mkojo apate losartani au enalaprili kwa ajili ya figo zake. Enalaprili ikileta kikohozi kikavu, hamia losartani, usimwandikie dawa ya kikohozi.

Mtego mwingine: amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu. Mgonjwa analalamika, anaongezewa furosemaidi, furosemaidi inashusha potasiamu, anapata ganzi na misuli kukaza, anapewa vitamini. Sasa ana dawa tatu kwa kosa la moja. Punguza amlodipini.

Mgonjwa anasema presha imepona, ameacha dawa anakunywa kitunguu saumu na mchaichai.

Usimcheke. Muulize alipimwa lini mara ya mwisho na ilikuwa ngapi. Kwa kawaida ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzuri kwa sababu alikuwa anameza dawa. Mimi huwaambia: mzee, ukifunga breki gari likasimama, je, breki zimekwisha kazi? Kitunguu ale, mchaichai anywe, na kidonge ameze.

Muulize pia bei. Nusu ya "nimepona" ninazozisikia ukizifungua ndani utakuta "hela ya dawa imekwenda ada ya shule". Huyo mbadilishie dawa iliyo rahisi na inayopatikana karibu naye. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na ile iliyojificha kwenye mchuzi wa unga wa pakiti, papa mkavu na ng'onda.

Mjamzito amevimba miguu. Wote si huvimba?

Wengi huvimba, ndiyo. Pima presha na mkojo kila hudhurio, bila kuruka. Baada ya wiki 20, 140/90 pamoja na protini kwenye mkojo ni kifafa cha mimba kinachokaribia. Ikifika 160/110, mshushe siku hiyohiyo: nifedipini ya kumeza inafaa hapa, ya kumeza nasema, au labetaloli au hidralazini ya mshipani. Akiwa na kichwa kinachopasuka, macho yanayoona nyotanyota au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, mpe magnesiamu salfeti kabla ya kumpandisha gari la wagonjwa: gramu 4 kwenye mshipa polepole, kisha gramu 5 kila takoni. Enalaprili na losartani ni mwiko kwa mjamzito.

Wa pili ni yule anayevimba na kubanwa pumzi mwishoni mwa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Anaambiwa ni uchovu wa uzazi, ni kukesha na mtoto, ale uji wa pilipili manga. Moyo wake umepanuka. Mzazi asiyeweza kulala chali wiki tatu baada ya kujifungua anahitaji eko, na hapo nimemaliza. Wengi wao hupata nafuu kubwa ndani ya miezi sita wakitibiwa, lakini mimba inayofuata inaweza kumuua hata aliyeonekana amepona, kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla hajaruhusiwa, mume akiwepo kama mama ameridhia.

Na wa tatu, ambaye tunamsahau: msichana aliyekuwa na valvu iliyobana tangu utotoni bila kujua. Damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu. Valvu iliyomvumilia akichota maji kisimani haimvumilii mwezi wa saba wa mimba.

Mafindofindo ya mtoto yanahusianaje na moyo?

Hapa niruhusu niseme kirefu, kwa sababu ndipo tunapopoteza vijana ambao hatukupaswa kuwapoteza.

Bakteria aina ya streptokoka kundi A huambukiza koo, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 wanaolala wengi chumba kimoja. Wiki mbili tatu baadaye, koo likiwa limeshapona, kinga ya mwili iliyoandaliwa kupigana na bakteria inashambulia viungo, ubongo na valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Goti linavimba leo, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko. Linapoa lenyewe, na mama anashukuru. Valvu haipoi. Mara inayofuata koo likiugua, valvu inaumia tena, inakakamaa, inavuja au inabana, na kijana wa miaka 19 anakuja na miguu iliyovimba.

Kuna wanaoanza kwa namna ya ajabu. Binti mmoja wa darasa la tano mwandiko wake uliharibika ndani ya mwezi. Vikombe vinamponyoka, uso unamchezacheza, analia bila sababu. Shuleni alichapwa kwa utukutu, nyumbani wakasema kapandwa na jini. Nilimwambia anishike vidole viwili, na mkono wake ukawa unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, kama mtu anayekamua ng'ombe. Usikiapo moyo wa mtoto kama huyo, mara nyingi utakuta mvumo, sauti ya damu inayovuja kwenye valvu, kwenye ncha unaokimbilia kwapani.

Kinga ni sindano ya benzathini penisilini kila wiki tatu au nne: yuniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 30 na zaidi, laki 6 kwa aliye chini ya hapo, ndani ya msuli kabisa. Kwa asiye na madhara kwenye valvu, miaka 10 au hadi afike 21, kile kirefu zaidi. Mwenye valvu mbovu huendelea hadi miaka 40 na pengine maisha. Inauma. Ipashe moto mkononi, changanya na lignokeini kama mwongozo wako unaruhusu, sukuma polepole kwa dakika mbili au tatu. Mtoto aliyechomwa kwa ukatili harudi mwezi ujao.

Hofu ya mzio ipo, na adrenalini iwe mezani, si kabatini kwa aliyeondoka na ufunguo. Lakini wengi wanaoanguka baada ya sindano hawana mzio. Wamezimia kwa maumivu na hofu. Wale wenye valvu zilizobana sana au moyo dhaifu sana ndio wa kuogopewa, kwa sababu kuzimia huko kunaweza kuusimamisha moyo wao. Hao wafikirie vidonge vya penisilini V mara mbili kwa siku. Wengine wote wachomwe wakiwa wamelala, wamekula na kunywa maji.

Valvu iliyokwisha huhitaji fundi. Tanzania tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 2015. Kabla yake wagonjwa wengi wa namna hii walipelekwa India kama walibahatika kupata nafasi.

Mapigo hayana mpangilio kabisa. Ni hatari?

Sikiliza kwenye ncha ya moyo dakika nzima na uhesabu, huku mwenzako akihesabu kwenye kifundo cha mkono. Namba zikiachana, na mapigo yakiwa vurugu isiyo na utaratibu wowote, chumba cha juu cha moyo kinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama na kuganda, na bonge likikimbilia ubongoni ni kiharusi. Punguza kasi kwa atenololi, bisoprololi au digoksini kutegemea hali, na fikiria dawa ya kuzuia damu kuganda.

Kwa mwenye valvu ya mitrali (ya upande wa kushoto wa moyo) iliyobana, dawa hiyo ni warfarini, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) kati ya 2 na 3. Zile mpya zisizohitaji kupimwa zinavutia, ila utafiti wa INVICTUS uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wagonjwa wa valvu za baridi yabisi waliotumia dawa za aina ya warfarini walikuwa na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani. Mgonjwa usimkataze mchicha wala kisamvu. Mwambie ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Anayekula mboga za majani kila siku na ghafla akaacha ndiye atakayevuja damu.

Maumivu ya kifua: vidonda vya tumbo au mshtuko wa moyo?

Mtu akikwambia "chembe inauma" usimkimbizie omeprazoli. Maumivu yanayobana kama jiwe, yaliyozidi dakika 20, yanayopanda tayani au kushuka mkono wa kushoto, jasho jembamba la baridi, kutapika: ni moyo hadi ithibitike vinginevyo. Mwenye kisukari, mwanamke na mzee wanaweza wasisikie maumivu kabisa. Watasema wamechoka ghafla na pumzi haishiki.

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndani ya dakika 10 tangu aingie mlangoni. Ya kwanza ikiwa safi na maumivu yapo, rudia. Aspirini miligramu 300 aitafune. Kabla ya nitrogliserini chini ya ulimi pima presha, kisha mtoe mke chumbani umuulize mzee kwa sauti ya chini kama ametumia dawa ya nguvu za kiume siku mbili hizi. Hatakwambia mbele ya watu, na mchanganyiko huo unaua. Kama mstari wa ECG umeinuka kweli na kituo chenye mtambo wa kuzibua mishipa kiko mbali, streptokinesi yuniti milioni 1.5 kwa muda wa dakika 30 hadi 60, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, kwa asiye na sababu ya kuvuja damu. Kila saa inayopita msuli wa moyo unakufa.

Mguu mmoja umevimba. Huku Pwani si matende?

Matende huja kwa miaka, ngozi imekuwa ngumu, ukibonyeza haibonyei vizuri, na kwa mwanamume muulize na busha. Mguu uliovimba tangu Jumatatu, una joto na unauma, kwa mtu aliyejifungua juzi, aliyepasuliwa, mwenye saratani au aliyekaa kwenye basi kutoka Mwanza hadi Dar, ni bonge la damu kwenye vena. Pima kwa utepe mzingo wa miguu yote miwili sentimita 10 chini ya ile nundu ya mfupa iliyo chini ya goti. Tofauti ikizidi sentimita 3, na ultrasaundi iko mbali, anza heparini. Enoksaparini ni miligramu 1 kwa kilo kila saa 12. Usimkande. Kuna ndugu wenye mapenzi mema waliochua mguu kwa mafuta ya nazi, bonge likang'oka likaenda mapafuni.

Amepooza upande, nyumbani wanasema ni upepo mbaya.

Wape dakika moja waseme, kisha pima sukari, maana sukari iliyoshuka inaiga kiharusi. Asipewe kitu mdomoni hadi ujue anameza. Aspirini isubiri CT, kwa kuwa bila picha huwezi kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka. Presha usiikimbize isipozidi 220/120, labda picha ikionyesha damu imevuja ubongoni. Uliza saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, uiandike.

Tumbo limejaa maji kuliko miguu. Ini?

Tazama kwanza shingo. Ugonjwa wa ini peke yake kwa kawaida haujazi mishipa ya shingo. Shingo ikijaa na sauti za moyo zikisikika kwa mbali kama mtu anayepiga mlango wa jirani, fikiria maji kwenye mfuko wa moyo, na kwetu maji hayo mara nyingi ni kifua kikuu, hasa kwa mwenye VVU. Kwenye eksirei moyo unakuwa kama mtungi. Presha ikishuka zaidi ya 10 anapovuta pumzi, anahitaji kutolewa maji leo.

Kuna pia ugonjwa wa kovu la utando wa ndani ya moyo, ambao J.N.P. Davies aliueleza kutoka Mulago, Kampala, mwaka 1948. Tumbo linavimba sana, miguu kidogo, uso umejaa. Chanzo chake hadi leo hakijajulikana.

Kichanga mwenye ugonjwa wa moyo ninamtambuaje?

Ananyonya kidogo, anaachia, anahema, kichwa kinalowa jasho, haongezeki uzito. Pima oksijeni mkono wa kulia na mguu mmoja: chini ya 95, au tofauti inayozidi 3, si ya kuacha. Shika mapigo ya kinena kila mara. Mtoto mkubwa wa bluu anayechuchumaa akicheza anajisaidia mwenyewe; usimwinue.

Nampa rufaa. Niandike nini?

Usiandike "mgonjwa wa moyo, tafadhali msaidieni". Andika anaweka mito mingapi na tangu lini. Presha ya mikono yote miwili. Mapigo uliyohesabu kwa dakika nzima, na kama yana mpangilio. Shingo sentimita ngapi. Mvumo ulipousikia na unakokimbilia. Hemoglobini, sukari, VVU, kreatinini kama ipo, mimba. Dawa ulizompa, dozi, na saa, hasa saa. Namba ya simu yako na ya ndugu anayeshika simu, si ya mgonjwa aliyelala. Na ECG kama umepiga, usiibandike kwa gundi kwenye faili. Ikunje umpe mama aiweke ndani ya kanga, kwa kuwa faili hubaki mapokezi na mama huingia ndani.